JINA LA MTU NA FANAKA YAKE

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha Nabii Adam majina ya vitu vyote; na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (s.a.w.), pamoja na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, liko jambo ambalo hujadiliwa mara kwa mara katika mabaraza ya Waislamu wa nchi hizi za maziwa, tangu Ujiji mpaka Bujumbura, na tangu Uvira mpaka Kasongo. Nalo ni hili: je, jina la mtu lina nguvu ya kumpatia fanaka au kumnyima? Mtoto akifaulu, husemwa kuwa jina lake ni la bahati. Akiharibikiwa, huulizwa ni nani aliyemwita jina lile. Wako wazazi wanaokataa kuwaita watoto wao majina ya mababu, majina kama Mabruki, Faraji, Almasi, Feruzi na Baraka, kwa sababu ati ni majina ya kitumwa, na mwenye jina kama hilo hatakwenda mbele wala hatakubaliwa posa yake katika nyumba za watu. Tena wako vijana ambao wakienda kutafuta kazi huficha jina la Kiislamu, wakataja jingine.

Jambo hili si dogo. Mtu anayeliondoa jina la babu katika nyumba yake humwondoa na babu mwenyewe, na baada ya vizazi viwili hapana amjuaye. Na kijana anayeona haya kwa jina lake huanza safari ya maisha akiwa amekwisha kukubali kwamba yeye ni duni. Basi yafaa mambo haya yapimwe kwa mizani ya tarikh, ionekane jina lilifanya nini, na nini halikukifanya, katika maisha ya watu waliopita.

MAJINA KATIKA ZAMA ZA MTUME (S.A.W.)

Hapana shaka kwamba dini ya Kiislamu imelipa jina heshima yake. Ni sunna mtoto kupewa jina jema, na aghalabu hutajwa siku ya saba pamoja na akika. Imepokewa kwamba majina yapendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni Abdallah na Abdurrahmani. Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliyabadili majina yaliyokuwa na maana mbaya. Mwanamke mmoja aliitwa Asiya, kwa herufi ya swad, maana yake mwenye kuasi, wala si lile jina la mke wa Firauni. Mtume akamwita Jamila, yaani mzuri.

Iko tena khabari mashuhuri katika Sahihi ya Imam Bukhari. Mtu mmoja jina lake Hazn, maana yake ardhi ngumu yenye mawe, alifika kwa Mtume (s.a.w.), akaulizwa jina lake akalitaja. Mtume akapenda aitwe Sahl, yaani ardhi laini iliyo tambarare. Yule mtu akakataa kuliacha jina alilopewa na baba yake. Mjukuu wake, Said bin al-Musayyib, alikuwa akieleza kwamba ugumu ule haukuwatoka tena watu wa nyumba yao.

Wengi huisoma khabari hii wakakomea hapo, wakasema kwamba jina humfuata mtu na kizazi chake. Lakini yafaa kutazama huyo Said alikuwa nani. Alikuwa mmoja wa wale mafakihi saba wa Madina, na katika zama za Tabiina ni wachache mno waliofikia daraja yake. Khalifa Abdul Malik bin Marwan alimposea mwanawe binti wa Said. Said akakataa, akamwoza binti yake kwa mwanafunzi maskini, kwa mahari ya dirhamu mbili au tatu. Alipotakiwa kutoa baia asiyoiridhia, alipigwa mijeledi, naye hakugeuka. Basi ugumu wa nyumba ya Hazn ulikuwapo kweli, lakini Said aliuweka mahali pake, ukawa uimara wa dini. Jina lilibaki kuwa lile lile; aliyelichagulia kazi ni mtu.

Kadhalika imepokewa katika Sahihi ya Imam Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) aliwakataza watu wasiwaite vijana wao wa kazi Aflah, Rabah, Yasar wala Nafi, maana yake Mwenye kufaulu, Faida, Wepesi na Mwenye kunufaisha. Sababu yake ni kwamba huenda mtu akaulizia kama Faida yumo nyumbani, naye akiwa ametoka ikajibiwa kwamba hayumo, na wenye nyumba wakaona ndege mbaya katika jawabu lile. Maulamaa wameeleza kuwa katazo hilo ni la karaha, si la haramu. Lilikuwa kuwaepusha watu wasiitie imani yao katika sauti ya neno.

Na tarikh ilikwendaje? Nafi, aliyekuwa mtumwa wa Abdallah bin Umar kisha akaachwa huru, alipokea hadithi kwa bwana wake miaka mingi, na Imam Malik akapokea kwake. Imam Bukhari aliihesabu sanad hiyo ya Malik kwa Nafi kwa Ibn Umar kuwa sahihi kuliko sanad zote. Nafi hakukipata cheo hicho kwa kuitwa Mwenye kunufaisha. Alikipata kwa kuhifadhi vyema na kusema kweli. Bilal, mwadhini wa Mtume, alikuwa mwana wa Rabah. Na Ummu Ayman, mwanamke wa Kihabeshi aliyemlea Mtume tangu utotoni, alikuwa mtumwa akaachwa huru, na jina lake lilikuwa Baraka. Anayelidharau jina la Baraka ati ni jina la kitumwa, na akumbuke kwanza ni nani aliyepata kuitwa hivyo.

MAJINA YA HERI WALIYOPEWA WATUMWA

Desturi ya kuwapa watumwa majina ya heri ilikuwa ya kale Arabuni. Husimuliwa kwamba mtu mmoja wa jangwani aliulizwa sababu gani Waarabu huwaita watoto wao majina makali, kama Mbwa na Mbwa-mwitu, na watumwa wao majina mazuri, kama Marzuk na Rabah. Akajibu kwamba watoto waliitwa kwa ajili ya adui zao, na watumwa kwa ajili yao wenyewe. Maana yake ni wazi. Jina la mtoto lilikuwa la kumtisha adui vitani, na jina la mtumwa halikuwa dua ya kumwombea mtumwa. Bwana alipoamka asubuhi alitaka neno la kwanza la ulimi wake liwe la heri, amwite Baraka alete maji, amwite Faraji afungue mlango. Heri ilikuwa ya bwana, na mtungi wa maji ulikuwa wa Baraka.

Desturi hiyo ilivuka bahari ikafika Unguja, Kilwa na Mrima wote. Katika karne ya 19, watu waliotekwa bara na kuletwa pwani waliacha nyuma majina ya wazee wao, wakapewa mengine. Wako walioitwa kwa siku, kama Juma na Khamisi. Wako walioitwa kwa vito, kama Almasi, Feruzi, Yakuti na Marjani, na kito ni mali ya mwenye kukinunua. Wako walioitwa kwa heri, kama Baraka, Mabruki, Faraji, Bahati na Nasibu. Kama jina peke yake lingekuwa na nguvu ya kumfanikisha mtu, basi soko la watumwa la Unguja, lililofungwa mwaka 1873, lingekuwa ndilo soko la watu wenye bahati kupita wote duniani.

Katika watu wa namna hiyo alikuwamo mmoja ambaye khabari zake zinajulikana vizuri, kwa sababu wasafiri wengi wa Kizungu walimwandika. Alizaliwa kiasi cha mwaka 1820 katika nchi ya Wayao. Alipokuwa kijana mdogo, kijiji chao kilivamiwa, akatekwa, akapelekwa Kilwa, akauzwa kwa nguo. Akachukuliwa mpaka Bara Hindi, akatumika huko miaka mingi, hata bwana wake alipofariki akaachwa huru. Jina alilopewa na wazazi wake halimo katika khabari zake. Alilorudi nalo Afrika ni Sidi Mubarak Bombay: Sidi ni neno ambalo Wahindi huwaita watu wa asili ya Afrika, Mubarak ni mwenye kubarikiwa, na Bombay ni mji. Katika maneno hayo matatu hapana hata moja lililotoka kwa mama yake.

Mwaka 1857 Mubarak alikuwa askari wa Sultani wa Unguja katika ngome ya Chogwe, karibu na mto Pangani. Hapo ndipo alipochukuliwa na Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, waliokuwa wakielekea bara. Kilichomfungulia mlango ni ulimi wake. Speke hakujua Kiswahili, bali alijua Kihindustani, kwa kuwa alipata kuwa askari Bara Hindi. Mubarak naye alikijua Kihindustani kwa sababu ya miaka ile ya utumwa. Elimu aliyoipata katika taabu ndiyo iliyomfanya mtu wa kutegemewa.

Mwezi wa Februari 1858 walifika Ujiji, kisha msafara wao ukapanda ngalawa mpaka Uvira. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule Mubarak alikuwa pamoja na Speke walipofika Nyanza, ziwa ambalo lilikuwa na majina yake kwa watu wa pwani zake, naye Speke akalipa jina la malkia wake Victoria. Baina ya 1860 na 1863 alisafiri tena na Speke na Grant, wakapita Karagwe na Buganda, wakateremka na mto Nili mpaka Misri. Mwaka 1871 alikuwa mkuu wa askari katika msafara wa Henry Stanley uliomkuta David Livingstone pale Ujiji. Na baina ya 1873 na 1875 alikwenda na Verney Cameron tangu Bagamoyo hata bahari ya magharibi, wakatokea karibu na Benguela. Basi mtu aliyeuzwa kwa nguo amelivuka bara la Afrika kwa miguu yake. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa medali ya fedha na malipo ya kila mwaka. Alifariki mwaka 1885.

Katika ule msafara wa kwanza alikuwamo na mwenziwe aliyeitwa Mabruki, mtumwa aliyekodishwa na bwana wake. Mubarak na Mabruki ni majina mawili yenye mzizi mmoja, nao ni baraka. Kama fanaka ingekuwa katika herufi za jina, wangelipata sifa moja. Lakini Burton alimsifu Mubarak kwa uaminifu na bidii, na Mabruki alimlaumu kwa hasira na ugomvi. Hapa tena jina limekuwa moja na watu wamekuwa wawili.

JINA LILILOTOKANA NA VITENDO

Katika safari ile ya mwaka 1874, msafara wa Cameron ulipofika Nyangwe, katika nchi ya Manyema, ulikutana na mfanyabiashara mkubwa wa pembe, Hamed bin Muhammed el-Murjebi. Huyu alizaliwa Unguja kiasi cha mwaka 1837 katika ukoo wenye kujulikana. Jina lake na la baba yake yote mawili yana mzizi wa himidi, yaani sifa njema. Lakini watu wa bara hawakumwita hivyo. Walimwita Tippu Tip. Mwenyewe, katika khabari za maisha yake alizozisimulia kwa Kiswahili, alisema kwamba jina hilo lilikuwa mlio wa bunduki zake. Wengine walisema alipewa kwa sababu ya kupepesa macho.

Alipata mali nyingi na mamlaka makubwa. Mwaka 1887 Dola Huru ya Kongo ilimfanya wali wa Stanley Falls, ndipo Kisangani ya leo. Alifariki Unguja mwaka 1905. Hata leo ukilitaja jina lake katika miji ya Maniema, watu hukumbuka mambo mawili kwa pamoja. Wapo wasemao kwamba katika njia za misafara ile Kiswahili na Uislamu vilipata kufika huko. Na wapo wakumbukao vijiji vilivyochomwa moto na watu waliofungwa minyororo. Yote mawili ni kweli, na haifai kuficha moja kwa ajili ya jingine.

Kwa hiyo iko tofauti baina ya fanaka na jina jema. Mubarak alipewa jina zuri na watu waliomnunua, akalistahiki kwa kazi yake. Hamed alipewa jina zuri na wazazi wake, kisha vitendo vyake vikamwandikia jina jingine juu yake, nalo likawa ndilo kubwa. Jina la kuzaliwa huandikwa na wazazi katika siku moja. Jina la pili huandikwa na watu, na wino wake ni vitendo vya mtu mwenyewe.

WALIOBADILI MAJINA

Amri ya kuondoa hadhi ya utumwa ilitolewa Unguja mwaka 1897, na Tanganyika sheria ikatoka mwaka 1922. Baada ya hapo, wengi waliokuwa watumwa, wake kwa waume, waliyaacha majina waliyopewa na mabwana, wakajiita majina ambayo waungwana waliwaita watoto wao. Watu hao hawana lawama. Mtu aliyeitwa kwa heri ya mwingine ana haki ya kujiita kwa heri yake mwenyewe, na kulichagua jina ilikuwa ni alama ya kwanza ya uhuru wake.

Lakini mjukuu wa leo hayumo katika hali ile. Yeye hakuitwa Faraji na bwana. Ameitwa na baba yake, kwa kumkumbuka mzee aliyebeba mizigo, akajenga nyumba, akalipa madeni yake, akasoma juzuu zake, akawazika wazazi wake kwa heshima. Mzee yule alilichukua jina lililokuwa la faida ya mwingine, akaligeuza likawa lake. Anayeona haya kwa jina hilo haoni haya kwa utumwa, kwa maana utumwa ulikuwa aibu ya aliyeuza na aliyenunua. Huona haya kwa mtu aliyedhulumiwa, na hayo si maadili ya Kiislamu.

Iko na khabari ya nchi nzima iliyobadili majina. Kongo iliitwa Zaire mwaka 1971, na mwaka 1972 serikali iliwataka raia waache majina ya kigeni waliyobatiziwa, wachukue majina ya asili. Rais mwenyewe, Joseph-Désiré Mobutu, akajiita Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga, na mapadre wakaonywa wasiwabatize watoto kwa majina ya Kizungu. Haja ya kurudisha heshima ya Mwafrika ilikuwa haja njema. Lakini je, majina yale yalileta shibe? Fedha ya nchi nayo iliitwa zaire. Ilipoanzishwa mwaka 1967, zaire moja ilipata dola mbili za Marekani. Kufika mwaka 1993 ililazimu kutolewa zaire mpya, na moja yake ilikuwa badala ya zaire za zamani 3,000,000. Mobutu aliondolewa mwaka 1997, na nchi ikarudia jina la Kongo. Jina lilibadilishwa kwa amri. Lakini uadilifu katika kutunza mali ya umma hauji kwa amri ya kubadili jina.

JINA KATIKA MKONO WA MLINZI WA MLANGO

Huenda mtu akasema: Kama jina halina nguvu, mbona wenye majina fulani hunyimwa kazi? Swali hili ni la haki, nalo lina ushahidi.

Wataalamu wawili wa Marekani, Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan, walipeleka barua za kuomba kazi kiasi cha 5,000 kwa waajiri wa miji ya Boston na Chicago, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Elimu na ujuzi ulioandikwa ndani ya barua zile ulilinganishwa sawasawa. Tofauti ilikuwa ni majina: baadhi yalikuwa ya namna ya Emily na Greg, ambayo huko hudhaniwa ni ya Wazungu, na baadhi ya namna ya Lakisha na Jamal, ambayo hudhaniwa ni ya watu weusi. Majina ya kwanza yaliitwa kwa mazungumzo zaidi ya mengine kwa kiasi cha nusu.

Baadaye Claire Adida, David Laitin na Marie-Anne Valfort walifanya jaribio kama hilo nchini Ufaransa, likachapishwa mwaka 2010. Walibuni wanawake wawili wa asili ya Senegali, wenye jina moja la ukoo, Diouf, ambalo huko ni la Waislamu na la Wakristo. Mmoja wakamwita Marie, na mwingine Khadija, na katika barua zao ikaonekana kwamba mmoja amefanya kazi na jumuiya ya misaada ya Kikatoliki na mwingine ya Kiislamu. Katika kila barua 100, Marie alijibiwa vizuri mara 21, na Khadija mara 8. Jina la mama wa waumini, aliyekuwa mfanyabiashara mwaminifu wa Makka, likawa ni sababu ya kufungiwa mlango.

Basi jina lina athari, na anayekana hayo hakusema kweli. Lakini itazamwe athari hiyo iko wapi. Haimo ndani ya Khadija, kwa kuwa elimu yake ilikuwa sawa na ya Marie. Imo katika mkono wa mtu anayelinda mlango. Jina halimfanyi mtu mpumbavu wala mwenye akili; humfanya mwingine amdhanie hivi au vile kabla ya kumwona. Na dawa ya dhana mbaya haiwi kumlaumu aliyedhaniwa.

Hapa ndipo inapobidi Waislamu wa nchi hizi wajitazame pande mbili. Upande wa kwanza ni ule wa kudhulumiwa. Katika zama za ukoloni, shule nyingi za Kongo, Ruanda na Urundi zilikuwa katika mikono ya misheni, na Uganda kadhalika. Wazazi wengi wa Kiislamu walichelea watoto wao wasije wakabatizwa na kupewa majina mengine, wakawazuia majumbani au wakatosheka na chuo cha Kurani peke yake. Khofu yao ilikuwa na sababu. Lakini matunda yake yalikuwa kwamba makarani, walimu na waganga wa hospitali walipochaguliwa, majina ya Kiislamu yalikuwa machache katika daftari. Kisha wakatokea watu wakasema kwamba majina hayo hayana bahati. Si kweli. Lililokosekana ni shule. Ushahidi ni kwamba kila palipojengwa shule ya Waislamu na watoto wakasomeshwa, hao hao kina Juma na kina Mariamu walishika kalamu kama wenzao.

Upande wa pili ni ule wa kudhulumu, na huu ni mchungu zaidi kuusikia. Mlinzi wa mlango wa Ufaransa aliyemkataa Khadija kwa sababu ya jina lake ni nani wa kumlaumu? Je, ni baba yule ambaye, posa ikiletwa nyumbani kwake na kijana mwenye swala na kazi ya halali, huuliza kwanza jina la babu yake, na akisikia Mabruki au Almasi hufunga mlango? Dhambi ni moja, ijapokuwa miji ni mbalimbali. Kurani imekataza watu kuitana majina ya kudhihaki, na imewajulisha kwamba mbora wao mbele ya Mwenyezi Mungu ni mwenye kumcha zaidi. Tena imepokewa kwa Mtume (s.a.w.) kwamba ambaye amali yake imemrudisha nyuma, nasaba yake haitampeleka mbele. Katika mambo yote haya ya kupima mtu, jina la babu halikutajwa.

YANAYOPASA KUSHIKWA

Kwa hiyo tarikh imeonyesha mambo matatu. La kwanza, jina jema ni haki ya mtoto juu ya mzazi, naye mzazi amchagulie kwa kujua maana yake, kisha amfundishe maana hiyo. Mtoto aitwaye Amini afundishwe uaminifu, na aitwaye Saburi afundishwe kusubiri, ili jina liwe ukumbusho na lisiwe hirizi. La pili, fanaka haitoki katika jina. Said alikuwa mjukuu wa Hazn, Nafi alikuwa mtumwa, na Mubarak aliuzwa kwa nguo. Kila mmoja alipata alichopata kwa elimu, kwa kweli na kwa kazi. La tatu, pale ambapo jina hufunga mlango, mwenye kosa ni mlinzi wa mlango, naye huenda akawa ni mgeni wa mbali au akawa ni jirani wa msikiti mmoja.

Katika mitaa ya Waislamu, kama Buyenzi ya Bujumbura, Biryogo ya Kigali na Kasongo ya Maniema, wangali wako wazee wanaoweza kueleza ni nani aliyeitwa Feruzi, na ni nani aliyeitwa Faraji, na kila mmoja alitoka wapi, akafanya nini. Wazee hao hawatakaa milele. Inafaa wana na wajukuu wawaulize mapema, waandike katika daftari jina na khabari yake, na watakapozaliwa watoto, yasichaguliwe majina ya wajomba wa mbali peke yake na mababu wakasahauliwa. Wahenga walisema kwamba jina jema hung'ara gizani. Waling'arisha mababu kwa jasho lao. Si haki kwa wajukuu kuizima taa ile.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, wenye majina yanayojulikana na waliopotezewa majina yao njiani, maana Yeye anawajua wote. Na awajaalie watoto wa leo wawe na majina mema na vitendo vinavyoyastahiki. Amin.